Nilipata kiharusi kidogo, nimeacha karibu kila kitu lakini presha haishuki. Nakosea wapi?

Dereva Mstaafu (Uyole)

Wakuu habari za jioni, mnaonizidi shikamooni. Naomba nieleze kirefu kidogo maana nimeona mtu akiuliza mstari mmoja anaishia kutaniwa tu.

Nina miaka 62. Nimeendesha malori miaka 27, mwanzo Dar hadi Tunduma, baadae Lubumbashi kwa kupitia Kasumbalesa, usiku niliolala kwenye kebini ni mwingi kuliko niliolala na mama watoto na hapo sitanii. Waliofanya hii kazi wanajua tunavyokula. Supu na chapati nne Chalinze, nyama Ruaha Mbuyuni, ukishaimaliza Kitonga unasimama unavuta mbili tatu kujipongeza, alafu Tunduma foleni siku tatu nne umekaa tu chini ya tela unacheza karata, kitimoto inakuja, bia inakuja, hakuna anayetembea hata hatua mia.

Mwezi wa tatu mwaka huu nimekaa barazani asubuhi nakunywa chai. Kikombe kikaanza kuinama. Naona kabisa chai inamwagika kwenye goti la kulia, inatoa mvuke, mi naiangalia tu kama goti la mtu mwingine. Nikataka kumwambia mama watoto lete kitambaa, kikatoka kitu kama cha mlevi wa saa nane usiku. Yeye akacheka, alijua naigiza maana nina tabia hiyo. Alipoona mdomo umeenda upande ndo akapiga yowe. Majirani wakajaa. Mmoja anasema huo ni upepo, apakwe mafuta asitolewe nje, mwingine ameshika aspirini anataka kunitia mdomoni, tukapoteza kama masaa mawili mpaka kijana mmoja wa bajaji akasema nyie bakini na upepo wenu mzee napeleka hospitali.

Presha ilisoma 214 kwa 122. CT scan ikaonyesha mshipa umeziba, haujapasuka, na eneo lenyewe dogo. Mdomo ulirudi siku ya pili, mkono ukachukua wiki tatu. Mpaka leo kifungo cha juu cha shati nafungiwa.

Sasa toka siku ile: sigara nimeacha, nilikuwa pakiti moja kwa siku. Bia nimeacha. Kitimoto nimeacha, na anayeishi Mbeya anajua uzito wa hilo neno. Kopo la chumvi halikai mezani kwangu. Naamka saa kumi na moja alfajiri natembea njia ya Igawilo na kurudi. Dawa mbili kila asubuhi sijaruka hata siku moja. Miezi mitano. Juzi presha 164/98, wiki ya nyuma yake 158/96. Kliniki nimekuwa kama mtu anayedanganya. Daktari, mdogo kuliko mwanangu wa pili, kaniangalia kasema mzee punguza chumvi. Nikanyamaza. Chumvi ipi tena?

Na kijiweni nako. Tuko madereva wastaafu kama saba tunakutana jioni, nikienda na chupa yangu ya maji wananiita mchungaji. Mmoja akasema sisi kubadilika umri huu ni sawa na kufunga injini mpya kwenye gari linalosubiri kuuzwa chuma chakavu. Nilicheka, ila ile kauli nilirudi nayo nyumbani nikalala nayo.

Kwahiyo nakosea wapi, na je umri huu inasaidia kweli au najitesa bure?

Kijana wa Soweto

Mzee wangu shikamoo. Umeacha kitimoto na bado unaishi Mbeya, ile harufu ya jioni pale Kabwe unapitaje?? Mi ningehamia Kyela. Pole sana mzee, wakubwa watakuja kukujibu, mi nimeweka kambi hapa kwa ajili ya baba yangu, nae ni haohao.

Mama Kihesa

Pole baba, na hongera kwa sigara, hiyo peke yake watu inawashinda hadi kaburini.

Mimi niko Iringa, mwalimu mstaafu, nilianguka nikiwa na 57, sukari na presha vyote kwa mpigo, nikalazwa siku tisa. Nikuulize swali moja tu alafu nitaendelea. Nani anapika hapo kwako, na maharage anapikaje?

Nauliza kwa sababu na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo, kopo la chumvi nimeondoa mezani, nimemaliza. Kumbe chumvi ya mezani ni ile ndogo, kubwa iko jikoni. Siku moja mwanangu wa kike alikuja likizo akanikuta napika makande, akanishika mkono, mama hicho unachomimina nini? Magadi. Kijiko cha chakula kizima, jinsi tulivyofundishwa na mama zetu ili yalainike upesi na kuni zisiishe. Magadi ni sodiamu ileile iliyoko kwenye chumvi, tofauti yake hayana ladha ya chumvi kwahiyo ulimi hauyalalamikii, unaongeza na chumvi juu yake. Alafu mboga, figiri natia magadi kidogo zilainike. Alafu vile viungo vya mchuzi vya vipande, kimoja kwenye sufuria la watu wanne, na navyo vimejaa chumvi na bado chumvi yenyewe natia. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko cha chai kimoja kisichojaa, na humo ndani hesabu mkate, maandazi, kila kitu. Mimi nilikuwa nakimaliza kabla ya saa sita mchana na kopo la mezani sijaligusa.

Nilichofanya, maharage naloweka toka jioni, asubuhi namwaga yale maji naweka mapya, yanaiva vizuri tu bila magadi. Vile vipande nimevitupa. Naweka kitunguu saumu, tangawizi, nyanya nyingi za Ilula, ndimu mwishoni, mboga za majani natia karanga. Wiki ya kwanza chakula kilikuwa kama kadibodi, sikufichi, nililia siku moja mbele ya sahani ya kisamvu. Ila baada ya kama mwezi ulimi ulizoea, sasa hivi nikila harusini naona wamemwaga gunia zima.

Kwahiyo ukasimame jikoni baba, uangalie kinachoingia kwenye sufuria. Usiende kama polisi tu, utafukuzwa.

Mkinga wa Mwanjelwa

Mi nakuja na hesabu tu, mengine wanajua wenyewe. Pakiti ya sigara hata tukisema elfu tatu, siku 150, hiyo laki nne na nusu. Bia na kitimoto sijagusa bado. Hiyo hela iko wapi mzee? Kama haujaiona ujue imeenda kwenye vitu vingine. Chukua kidogo humo ununue mashine ya presha ya kufunga mkononi, ile ya kufunga juu ya kiwiko sio ya saa ya mkononi, uache kupimia mtaani. Biashara bila daftari unajidanganya na mwili hivyohivyo. Andika asubuhi na jioni.

Tabibu Mstaafu Njombe

Kamwene. Nimefanya kazi za kliniki zaidi ya miaka 30 Njombe na Makete, sasa nalima viazi. Siwezi kukutibu kupitia simu ila maelezo yako yana mashimo matatu nataka uyafukie.

La kwanza. Wewe ni dereva wa miaka 27. Sijawahi kukutana na dereva wa malori asiyeumwa kiuno au magoti. Unameza nini kwa ajili ya maumivu? Kama ni diklofenaki au ibuprofeni, basi hapo tuna mazungumzo. Hizo dawa zinafanya mwili ushike chumvi na maji, zinapandisha presha na zinazipunguzia nguvu dawa zenyewe za presha. Ukizichanganya na baadhi ya dawa za presha, hasa ukiwa na ya kukojolesha, zinaweza kuumiza figo pia. Na kwa mtu aliyeshapata kiharusi mi binafsi naziogopa. Zinauzwa duka la dawa muhimu kama pipi, na mgonjwa akiulizwa kliniki unatumia dawa gani nyingine anasema hakuna, kwa sababu za maumivu hazihesabu kama dawa.

La pili, unapimwaje? Kama unashuka bajaji unapandisha ngazi za duka unakaa unafungwa mkono palepale huku mnapiga stori, hiyo namba ni ya ngazi. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini usiipandishe moja juu ya nyingine, mkono uwe usawa wa moyo, usiwe umekunywa kahawa nusu saa kabla, na kibofu kisiwe kimejaa. Pima mara mbili. Mkinga kasema kweli kuhusu mashine na daftari, ukienda na daftari daktari atakuamini zaidi ya mdomo.

La tatu, saa kumi na moja alfajiri Uyole mwezi wa nane? Mzee, hapo ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na upepo unashuka toka milimani. Baridi inabana mishipa, presha inapanda. Hakuna andiko linalosema mazoezi lazima yawe gizani. Subiri saa tatu jua likitoka, au jioni saa kumi. Kinachotakiwa ni kama dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukufanya uhemee juujuu lakini bado unaweza kuongea. Nusu saa siku tano. Kofia na koti.

Kuhusu umri. Mwaka mmoja bila sigara hatari ile ya ziada ya ugonjwa wa moyo inashuka karibu nusu, hata kwa mtu wa umri wako. Na aliyepata kiharusi mara moja ndo yuko karibu zaidi na cha pili, kwahiyo wewe kuliko hao wenzako sita ndo mwenye faida kubwa ya kubadilika. Hiyo ya chuma chakavu mwambie alete gari lake tulipime.

Na kwa wote mnaosoma, lile la aspirini. Mtu akipinda mdomo, mkono ukalegea, maneno yakagoma, usimpe aspirini nyumbani, hujui kama mshipa umeziba au umepasuka, na kama umepasuka unamwongezea damu kichwani. Usimpe hata maji, anaweza kupaliwa. Angalia saa dalili zilianza lini, mkimbize. Kuna dawa ya kuyeyusha donge la damu, muda wake ni masaa manne na nusu toka dalili zianze na lazima kipimo cha kichwa kitangulie. Mafuta ya upepo yanakula hayo masaa.

Dereva Mstaafu (Uyole)

Tabibu umeniona kupitia ukuta au?

Diklofenaki ndiyo. Goti la kushoto, la klachi. Toka mwezi wa tano, vidonge viwili kwa siku, na nilizianza kwa sababu ya hayohayo matembezi ya alfajiri, goti likawa linauma nikasema nisiache mazoezi bora nimeze. Yaani nilikuwa nameza sumu ya presha ili niweze kutembea nishushe presha. Na kliniki waliniuliza, nikasema hakuna nyingine, kama ulivyosema.

Kupimwa ndiyo, nashuka bajaji nafungwa mkono. Na dada wa dukani tunaongea habari za mwanae muda wote.

Mama Kihesa, nimesoma ulichoandika kwa sauti mama watoto akiwa anasikia. Kimya. Nikamuuliza, magadi? Akasema we kula tu. Nitawaletea majibu.

Mnyalukolo Mzee

Mi nitapingana kidogo na mnavyomwacha mzee aende hivihivi kwenye suala la kijiwe. Hilo ndo litamrudisha kwenye sigara wala sio njaa.

Mimi moyo wangu ulinisumbua mwaka juzi, kifua kilinibana shambani nikakaa chini kwenye tuta la mahindi nikajua ndo basi. Nikarudi nimefundishwa kila kitu. Nikajifungia ndani. Jioni naangalia taarifa ya habari na mke wangu, tumemaliza maongezi yote ya miaka 35 ndani ya wiki mbili. Mvua zikaanza, ulanzi ukaanza kugemwa, mtu akapita na dumu la ule mtogwa mtamu wa siku hiyohiyo, nikasema huu sio pombe huu ni juisi ya mianzi. Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa kilabuni na ule uliolala siku mbili, na sigara mkononi, na hata sikumbuki nani alinipa.

Nilichokuja kufanya ni kutafuta kitu kingine cha kufanya na watu walewale. Sisi tukahamishia bao asubuhi saa nne, uwanjani, kilabu bado haijafunguliwa. Watatu walikuja, wawili hawakuja, basi. Ukikaa peke yako hutamaliza mwaka.

Tabibu Mstaafu Njombe

Mnyalukolo nakubali ila useme na lile la pili, ulirudi tena kwa daktari baada ya hizo wiki? Wengi wakiteleza wanaona aibu wanaacha na dawa pia.

Mnyalukolo Mzee

Sikurudi, miezi minne. Mwanangu ndo alinirudisha kwa nguvu. Sawa umenikamata.

Asiyejulikana

Babu yangu Tukuyu alikula nyama na kuvuta kiko mpaka 94. Mambo ya Mungu haya, mnawatisha watu bure na namba namba.

Kijana wa Soweto

Babu yako alikuwa anapanda Rungwe na mkungu wa ndizi kichwani, sisi tunapanda bajaji kwenda dukani hapo.

Binti wa Mafinga

Naomba niongee kama mtoto aliyeuguza, na mzee samahani kama nitagusa pabaya.

Baba yetu alipotoka hospitali tukaambiwa chakula chake kiwe tofauti. Mama akawa anapika sufuria mbili, la kwetu na kasufuria ka baba. Tulikaita hivyo kabisa, kasufuria ka mgonjwa. Kalikuwa kadogo, ka bluu, ndani kuna mboga iliyochemshwa haina hata kitunguu, kwa sababu mama aliambiwa punguza mafuta na chumvi akaelewa ondoa kila kitu. Baba anakula kwenye kona, sisi tuna nyama ya kukaanga hapohapo pua na mdomo. Alivumilia wiki sita. Baadae tukamkuta usiku amesimama gizani jikoni anakomba mchuzi kwenye sufuria letu kwa kipande cha ugali baridi. Mtu mzima, mkuu wa kaya, anajificha kama mtoto. Ile picha hainitoki.

Dada yangu ndo aliamua kasufuria kaondoke. Wote tukaanza kula cha baba, ila sasa kikapikwa vizuri, maana mpishi na yeye anakila. Dona badala ya sembe, maharage ya kuloweka, nyama mara mbili kwa wiki tena ya kuchemsha kwanza, parachichi kila siku maana huku linaoza chini ya mti. Wadogo zangu walinuna. Baba alinenepa furaha.

Kwahiyo nauliza na mimi, hapo kwako mzee unakula peke yako?

Bibi Parachichi

Kwa vile limetajwa zao langu. Kuna watu wanakimbia parachichi wanasema lina mafuta litaziba moyo. Mafuta yake sio kama ya nguruwe jamani, hayo ni ya aina nzuri kwa moyo, na lina potasiamu inayosaidia presha. Ila lisiwe juu ya sahani ya chipsi, liwe badala yake. Na mwenye figo mbovu amuulize daktari wake kwanza, hiyo potasiamu kwake ni habari nyingine. Wanunuzi wanachukua yaliyonyooka, yenye makovu mnaachiwa nyinyi na ndani yako sawasawa.

Dereva Mstaafu (Uyole)

Nimerudi wakuu, wiki ya sita hii. Nilisema nitaleta majibu.

Diklofenaki niliacha siku ileile niliyosoma. Nikaenda kliniki nikamwambia yule daktari kijana ukweli wote, nilitegemea atanisema, akacheka akasema mzee ungeniambia toka mwezi wa tano. Akanipa panadol kwa goti na akanipeleka kwa watu wa mazoezi ya viungo, nimefundishwa kukaa kwenye kiti na kunyanyua mguu na mfuko wa mchanga kifundoni, mara kumi kumi. Bado linauma ukweli, ila sasa natembea saa tatu na jua na tambarare, nakutana na watu tunasalimiana, alfajiri nilikuwa nasalimiana na mbwa.

Mashine nimenunua. Daftari ninalo, mistari kama ya kumbukumbu za safari, tarehe, saa, namba. Wiki hii asubuhi zimekuwa 136/84, 141/86, 134/82. Daktari anasema tunataka chini ya 130/80 kwahiyo safari bado ila nimeshapita Makambako.

Sasa la jikoni. Binti wa Mafinga uliuliza kama nakula peke yangu. Sikuwa nakula peke yangu, hapo ndo kuna kisa. Nilikaa jikoni jumapili moja kwenye kigoda, mama watoto hataki hata kuniangalia. Akaloweka maharage usiku kama Mama Kihesa alivyosema, asubuhi anayapika, mi nimekaa tu nachambua majani ya maboga, kazi ambayo sijaifanya toka niko mtoto, na kwa huu mkono wangu ile nyuzi ya kumenya inanishinda, inakatika. Akanionea huruma akaanza kuongea. Kumbe alikuwa anatia magadi na viungo kwa makusudi, tena aliongeza baada ya mimi kuumwa. Anasema ulikuwa umeacha kila kitu, sigara, bia, nyama, unakaa mezani umenuna kama uko msibani, nikasema angalau mboga iwe tamu asije akaacha na kula.

Sikuwa na la kusema. Miezi mitano yote hiyo.

Siku mashine ilipofika nilijipima, alafu kwa utani nikamwambia na wewe lete mkono. Akakataa, akasema mi mzima. Hajawahi kupimwa toka mtoto wetu wa mwisho azaliwe na huyo sasa ana miaka 24. Nikamfunga. 176/104. Nikajua nimekosea, nikasubiri dakika tano kama Tabibu alivyosema, 172/102. Kesho yake vilevile. Tumekula sufuria moja miaka yote, na ndo mara ya kwanza nimewaza hilo.

Sasa tunaenda kliniki wawili, foleni moja, anabeba thermosi ya chai isiyo na sukari anagawia watu. Yeye wamemwanzishia kidonge kimoja cha amlodipini. Presha yake imeanza kushuka ila jioni miguu inavimba kwenye vifundo, viatu havimwingii, na jirani yule wa mafuta ya upepo ameshamwambia dawa inaharibu figo aache. Tabibu, hiyo ni kawaida au nimrudishe?

Kijiweni nilipeleka mashine. Wanne walipima. Yule wa chuma chakavu alikataa, akasema betri zako zitaisha.

Tabibu Mstaafu Njombe

Mrudishe, lakini asiache dawa kabla ya kwenda. Amlodipini inajulikana kuvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu, hasa jioni na hasa kina mama, mara nyingi sio figo, ila daktari atamwangalia na figo na moyo ili awe na uhakika, anaweza kupunguza dozi au kumbadilishia. Akikaa apandishe miguu kwenye kigoda. Kama uvimbe ni mguu mmoja tu na unauma, au anahema akilala, msisubiri tarehe ya kliniki, nendeni siku hiyohiyo.

Na mwambie asante ya chai nimeipata huku Njombe.

Mama Kihesa

Mpe salamu mama huyo, mwambie magadi yake akaangie panya. Na majani ya maboga uanzie kwenye kikonyo baba, ukivunja pale nyuzi inashuka yenyewe, haitaki nguvu.